Tezi za shingo na koo lililovimba: jinsi virusi vinavyoiga saratani

Juni hadi Agosti, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, baridi ikishashika Makete, Mafinga na Uyole, koo huwa lalamiko la kila nyumba. Wengi hupona ndani ya wiki moja, kwa dawa au bila dawa. Wapo wachache wasiopona upesi hivyo: tonses zimefunikwa na utando mweupe, tezi za shingo zimejaa pande zote mbili, homa imefika siku ya kumi, na dozi mbili za antibiotiki hazijafanya lolote. Mtu wa namna hiyo akiandika "uvimbe shingoni" kwenye simu, jibu la kwanza analokutana nalo ni kansa, na usiku huo halali. Jirani yake, mzee wa miaka sitini aliyevuta sigara tangu ujanani, sauti imemkauka mwezi wa nne sasa, na kila mtu anamwambia ni baridi tu, anywe tangawizi.

Wote wawili wanaponzwa na kosa lile lile: kulihukumu koo kwa sura yake ya siku moja. Virusi kadhaa huleta picha inayofanana na saratani kiasi cha kumfanya hata daktari mzoefu asite. Kinachotenganisha viwili hivyo ni mwendo wa ugonjwa kwa wiki kadhaa, na pale inapobidi, kinyama kidogo kinachopelekwa maabara.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Kile tunachokiita koo ni sehemu kadhaa. Koromeo ni ukumbi ulio nyuma ya mdomo na pua. Humo ndimo zilimo tonses, yaani mafindofindo, moja kushoto na moja kulia, na katikati kinaning'inia kimio. Chini yake, kwa mbele, kuna zoloto au kisanduku cha sauti, kile kifundo kinachopanda na kushuka unapomeza. Nyuma ya zoloto linaanzia umio, bomba la kupeleka chakula tumboni. Pembeni, chini ya ngozi ya shingo, zimepangana tezi za limfu, ambazo zikivimba wengi huziita mitoki. Saratani ya koromeo, ya zoloto na ya umio zote mtaani ni "kansa ya koo", ingawa dalili zake ni tofauti na matibabu yake ni tofauti. Mtu ambaye ugali unamkwama kifuani hana tatizo moja na mtu ambaye tonse yake moja imekua kupita nyenzake.

Saratani ni seli za mwili wenyewe zilizoacha kufuata utaratibu na kuendelea kuzaliana. Virusi ni vimelea vya kutoka nje vinavyoingia ndani ya seli, na antibiotiki haziviui hata ukiongeza dozi.

Kazi ya tezi za limfu inafanana na ya mizani ya Makambako kwenye barabara kuu ya TANZAM. Kila lori linasimama likaguliwe. Siku ya mizigo mingi foleni inarefuka, wakaguzi wanaongezwa, msongamano unaonekana kwa mbali. Mizigo ikipungua, foleni inakatika yenyewe. Tezi iliyovimba kwa virusi ndiyo hiyo foleni: seli za kinga zimejazana kwa siku chache, ganda la tezi limevutika ghafla, ndiyo maana inauma ukiibonyeza. Saratani ni lori lililoingia kwenye mizani likagoma kutoka. Halina kelele, ila kila wiki lipo palepale, na nyuma yake yanajipanga mengine.

Kirusi kinachoongoza kwa kuwatisha watu ni cha Epstein-Barr, kwa kifupi EBV. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Huku kwetu watoto wengi hukipata wakiwa bado wadogo, kwa mate ya mama anayemtafunia mwanawe chakula au kwa kijiko kimoja cha familia, na hupita kama mafua ya kawaida. Shida huwapata wale waliokwepa utotoni wakakipata katika ujana: wanafunzi wa bweni, vijana wanaopokezana chupa ya maji uwanjani, au mbeta moja ya ulanzi, pombe ya mianzi, inayozunguka midomo sita. Kwao huleta ugonjwa unaoitwa homa ya tezi. Dalili huanza wiki nne hadi sita baada ya kuambukizwa, kwa hiyo mgonjwa hakumbuki aliupata wapi.

Tazama jinsi inavyokuja. Siku za kwanza ni uchovu na homa. Kisha tonses zinavimba hadi karibu zigusane, zikiwa na utando wa kijivu au mweupe. Tezi zinajaa pande zote mbili, na hasa zile za nyuma ya shingo, chini ya kisogo. Tonses za bakteria hupenda zaidi tezi za mbele, chini ya pembe ya taya. Kope huweza kuvimba asubuhi. Karibu nusu ya wagonjwa, bandama huongezeka ukubwa. Homa na maumivu ya koo hupungua kati ya wiki ya pili na ya tatu, tezi hufuata wiki ya tatu au ya nne, na uchovu huwa wa mwisho kuondoka, wengine baada ya miezi.

Bandama hiyo ndiyo sehemu isiyo ya kupuuza. Ikiwa imevimba hulainika, na pigo dogo au kunyanyua mzigo mzito kunaweza kuipasua, hasa wiki tatu za mwanzo. Kijana aliyeambiwa ana homa ya tezi aache mpira, kubeba magunia ya viazi na kupasua mbao kwa wiki tatu hadi nne hata kama anajisikia ana nguvu. Maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto, au kwenye bega la kushoto bila sababu, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Hapa pia kuna mtego wa dawa. Mgonjwa mwenye EBV akipewa amoksilini au ampisilini, mara nyingi hutokwa na vipele vyekundu mwili mzima siku chache baadaye. Familia inasema ana aleji, na tangu hapo kila kliniki inaandika hivyo kwenye kadi yake. Wengi wao hawana aleji ya kudumu; vipele vile ni mgongano wa dawa na kirusi katika kipindi kile. Mweleze daktari vilitokea lini na ulikuwa unaumwa nini, ili asikunyime dawa muhimu miaka ijayo, au akupime kwanza. Matibabu ya homa ya tezi yenyewe ni ya kawaida: maji ya kutosha, mapumziko, parasetamo (mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku), na kusukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu. Maji ya chumvi hutuliza maumivu. Hayatibu kirusi, na wala hayayeyushi uvimbe kama inavyodaiwa kwenye magrupu.

EBV huwadanganya hata walio maabara. Kwenye picha ya damu, seli nyeupe huonekana kubwa na za maumbo ya ajabu, na asiyejua historia ya mgonjwa anaweza kushuku saratani ya damu. Tezi ikikatwa katika wiki hizo, ndani yake huweza kuwa na seli kubwa zenye viini viwili zinazofanana sana na zile zinazotumika kuitambua limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu. Ndiyo maana fomu ya maabara iliyoandikwa "uvimbe shingoni" peke yake ni hatari. Inapaswa kusema umri, homa ilianza lini, koo lilikuwaje, tezi zilitokea lini, na majibu ya VVU.

VVU vinahitaji aya yao, kwa sababu tunaishi mahali vilipo vingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, watu wengi hupata homa, koo kuuma, vidonda mdomoni, vipele na tezi kuvimba. Ni sura ile ile ya homa ya tezi, na katika siku hizo kipimo cha haraka kinaweza kusema hasi kwa sababu mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha. Hasi ya wiki ya kwanza ya ugonjwa isichukuliwe kuwa jibu la mwisho. Kipimo kirudiwe mpaka miezi mitatu ipite tangu siku ya hatari. Baadaye, mtu asiyejua hali yake anaweza kukaa na tezi zenye ukubwa wa zaidi ya sentimita moja, sehemu mbili au zaidi za mwili, miezi mitatu na kuendelea, bila maumivu. Tezi hizo zenyewe si saratani. Lakini VVU huongeza uwezekano wa limfoma na wa saratani ya Kaposi, ambayo wakati mwingine huanza kama madoa ya zambarau kwenye kaakaa, kwa hiyo tezi moja inayowakimbia wenzake kwa ukubwa haipaswi kufunikwa na kauli ya "ni hali yake tu".

Kifua kikuu hakiletwi na virusi, ni bakteria, ila kukiacha nje ya mazungumzo haya ni kumpotosha msomaji. Tezi za TB huvimba taratibu, haziumi, hushikana kama fungu moja, na zikikawia hupasuka na kutoa usaha usiokoma. Mtu anakonda, anatoka jasho usiku, anaamini ni kansa, na kumbe anahitaji dawa za miezi sita zinazotolewa bure. Jambo moja linalowatisha walio kwenye dozi: tezi zinaweza kuvimba zaidi katikati ya matibabu, kinga inapopata nguvu. Rudi kliniki zipimwe. Usiache dawa kwa kudhani hazifanyi kazi.

Twende kwenye sauti. HPV ni familia kubwa ya virusi. Aina mbili, namba 6 na 11, huotesha vinundu laini kwenye nyuzi za sauti. Mtoto huvipata kutoka kwa mama, mara nyingi wakati wa kuzaliwa, na dalili hujitokeza kabla hajafikisha miaka mitano: sauti ya kukwaruza isiyopona, kilio hafifu, kisha pumzi yenye mlio. Watoto hawa hutibiwa pumu kwa muda mrefu bila nafuu. Tofauti ni kwamba pumu hupiga filimbi kifuani mtoto anapotoa pumzi na haibadilishi sauti ya kuongea, wakati kizuizi cha kooni humpa mlio anapovuta pumzi. Kwa mtu mzima, vinundu hivyo vikionekana kwenye kamera hufanana na saratani ya zoloto, na ni kinyama pekee kinachoamua. Hugeuka saratani mara chache sana. Huondolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na kwa bahati mbaya hupenda kurudi, hivyo mzazi aambiwe mapema kwamba huenda mtoto akarudi chumba cha upasuaji tena na tena.

HPV namba 16 ni ndugu mwenye tabia nyingine kabisa. Hukaa kwenye tonses na mzizi wa ulimi, na kwa wachache, baada ya miaka mingi, husababisha saratani ya kweli. Wengi wanaoambukizwa HPV huiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Ni aina hii pia, pamoja na 18, inayolengwa na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kwa hiyo wanaosema "virusi huleta kansa" hawajasema uongo, wameruka hatua. EBV yenyewe iligunduliwa ndani ya saratani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 aliendesha gari yapata kilomita 16,000 akipita hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika kuuliza nani ameuona. Jibu lilifuata joto na mvua: uvimbe ulikuwa wa nchi za chini zenye malaria, na nyanda za juu zenye baridi ziliukosa. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi chenyewe London, katika sampuli zilizotoka Uganda. Kwa ramani yetu, maana yake ni kwamba mtoto wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na mtoto wa Makete, juu ya mita 2,000, wote wanaweza kuwa na EBV, lakini malaria ya mara kwa mara ndiyo inayomsogeza mmoja kwenye hatari. Uvimbe wa Burkitt hukua haraka ajabu. Taya la mtoto hubadilika ndani ya siku, meno yakalegea bila kuoza. Huyo hasubiri wiki tatu. Anapelekwa leo, na habari njema ni kwamba hujibu dawa vizuri ukiwahiwa.

Kwa mtu mzima kipimo cha kalenda ni wiki tatu. Sauti iliyokwaruza zaidi ya hapo, kidonda cha mdomoni kisichofunga, kumeza kunakozidi kuwa kugumu, tezi isiyoanza kupungua: vyote hivyo vinahitaji mtu wa kuchungulia ndani. Uzito wa shaka unaongezeka pale tatizo lilipo upande mmoja tu, yaani tonse moja kubwa, sikio moja linalouma ilhali lenyewe ni zima, tundu moja la pua lililoziba na kutoa damu. Tezi ngumu, isiyosogea chini ya vidole na isiyouma inatia shaka kuliko inayouma. Hapa ndipo watu wengi hukosea zaidi kuliko popote: wanaikimbilia hospitali tezi yenye maumivu na kuipuuza ile iliyotulia. Sigara na pombe vikikaa kwa mtu mmoja huzidisha hatari kuliko kila kimoja peke yake, na chai inayonywewa ikiwa bado inaunguza, juu ya nyuzi joto 65, inahusishwa na saratani ya umio.

Nyumbani, fanya hivi. Siku unayoigundua tezi, andika tarehe. Weka rula ya shule juu yake, andika urefu kwa milimita na upande iliopo. Pima tena baada ya siku saba, kwa mkono ule ule, umekaa vilevile. Usiiminye kila saa, kwa sababu kuibonyezabonyeza kunaivimbisha. Andika na homa, uzito, na kila dawa uliyomeza kwa jina lake. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya "imekaa siku nyingi".

Kinachoharibu mambo zaidi ni predinisoloni na deksamethasoni, zinazouzwa kiholela kama "dawa ya kupunguza uvimbe". Limfoma hunywea kwa dawa hizo. Tezi inapungua, mgonjwa anashukuru, kinyama kinachukuliwa wiki ile na maabara haioni kitu cha kueleweka. Mwezi unaofuata uvimbe unarudi na nguvu zaidi. Ukishazitumia, sema, hata kama aliyekupa alikuonya usiseme. Kosa jingine ni kuzungusha antibiotiki tatu au nne mfululizo. Moja iliyoandikwa na mtaalamu ikishindwa, swali liwe "ni ugonjwa gani huu", lisiwe "dawa gani ina nguvu zaidi".

Na kimio. Kikohozi au koo lisilopona bado linawapeleka watoto kukatwa kimio kwa wembe. Kimio hakisababishi kikohozi, na ukikikata hukiondoi kirusi wala saratani. Unachopata ni jeraha mahali pasipofungika bandeji, damu inayoingia kwenye njia ya hewa, na hatari ya pepopunda na VVU.

Watu wengi pia hukataa sindano wakiamini kwamba uvimbe "ukiguswa na chuma" unasambaa. Sindano nyembamba inayotumika kuvuta seli za tezi ni sawa na ya kutolea damu, na imani hiyo imewachelewesha wengi. Wanaotaka "kipimo cha damu cha kansa" nao wajue kwamba kwa koo hakuna kipimo cha damu kinachochukua nafasi ya kinyama.

Katika hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, utaratibu unaoeleweka ni huu: mdomo na tonses kwa taa, zoloto na nyuma ya pua kwa kioo au kamera nyembamba, VVU, picha ya damu, ultrasaundi ya shingo, kisha sindano. Kuikata tezi kabla ya kuangalia ndani ya koo ni kuanzia mwisho, kwa kuwa tezi inaweza kuwa imepokea tu kilichoanzia kwenye tonse au nyuma ya pua. Ikibidi itolewe nzima, uliza kama sampuli imegawanywa: sehemu moja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, kwa ajili ya saratani, nyingine bila fomalini kwa ajili ya TB, kwa sababu fomalini huua bakteria na kuzima uwezekano wa kuviotesha. Likikosewa hilo, mgonjwa anakatwa mara mbili.

Jibu la sindano likisema "hakuna seli za saratani" na tezi bado ipo, haijapungua baada ya wiki tatu nyingine, jibu hilo halijafunga jambo. Sindano huchukua tone kutoka pembe moja ya tezi. Rudi na karatasi yako ya vipimo vya rula, uombe irudiwe au itolewe kinyama.